Nguvu ya Motokaa Ndogo Katika Milima ya Songea

Katika mazungumzo yetu ya leo twataka kueleza jambo ambalo wenye motokaa ndogo za zamani huuliza mara nyingi, hasa wale wakaao katika nchi ya milima kama Songea. Swali lao ni hili: Je, yawezekana kuiongezea nguvu injini ndogo, nayo isife kabla ya siku zake? Jibu letu ni kwamba yawezekana, lakini kwa kipimo na kwa utaratibu. Mwenye kuanza kazi hii mwishoni, kwa kununua vyombo vya thamani kabla ya kuitengeneza injini aliyo nayo, hupoteza fedha zake, na pengine huipoteza motokaa yenyewe.

Motokaa tunazozinena ni kama Morris Minor, ambayo watu waliiona mara ya kwanza katika maonyesho ya London mwaka 1948, na Volkswagen ile ya mgongo wa mviringo, ambayo injini yake imewekwa nyuma. Zimebaki chache siku hizi. Wengi wa wenye nazo wamezirithi kwa wazee wao, nao hawapendi kuziona zikioza chini ya mwembe. Lakini vipuri vyake hutoka mbali, na injini ikivunjika haipatikani nyingine kwa siku moja. Kwa hiyo kila neno tutakalosema hapa lapasa kupimwa kwa mizani hii: je, faida yake yastahili hatari yake?

NGUVU YA INJINI HUTOKA WAPI

Watu wengi hudhani kwamba nguvu ya injini hutoka katika petroli peke yake. Kweli moto hutoka katika petroli, lakini petroli haiungui bila hewa, na injini huhitaji hewa nyingi kuliko mtu awezavyo kufikiri. Kilo moja ya petroli yataka kilo 15 za hewa, au pungufu kidogo, ili iungue yote. Ukipiga hesabu, lita moja ya petroli humeza hewa kiasi cha lita 9,000, nayo ni sawa na hewa ijazayo madebe 500. Petroli ni rahisi kuitia ndani, kwa kuwa ni kidogo. Kazi ngumu ni kuivuta hiyo hewa yote, kupitia tundu nyembamba za kabureta na valvu, katika muda mfupi sana.

Injini hizi hufanya kazi kwa mapigo manne, kwa kanuni ile aliyoionyesha Mjerumani Nikolaus Otto mwaka 1876. Pigo la kwanza pistoni hushuka na kuvuta hewa iliyochanganyika na petroli. Pigo la pili hupanda na kuigandamiza. Pigo la tatu plagi hutoa cheche, mchanganyiko huwaka, na pistoni husukumwa chini kwa nguvu. Pigo la nne hupanda tena na kuutoa moshi. Katika mapigo manne ni moja tu litoalo nguvu. Mengine matatu hula nguvu.

Basi, mtu atakaye nguvu zaidi hana njia ila hizi: aingize hewa nyingi zaidi kwa kila pigo, au aigandamize zaidi kabla ya kuiwasha, au aongeze idadi ya mapigo kwa dakika, au apunguze nguvu ipoteayo njiani kabla ya kufika kwenye magurudumu. Maarifa yote ya mafundi, hata wale wa magari ya mashindano, ni matawi ya mti huu mmoja.

HEWA YA SONGEA

Mji wa Songea uko juu ya usawa wa bahari zaidi ya mita 1,100. Mahali palipoinuka hewa ni nyepesi. Silinda ni ile ile na pistoni ni ile ile, lakini hewa inayoijaza ina uzito mdogo kuliko hewa ya Dar es Salaam au Mtwara. Kwa kadiri ya wastani, injini isiyo na pampu ya hewa hupoteza sehemu moja katika kumi ya nguvu zake kwa kila mita 1,000 za kupanda, au zaidi kidogo.

Na tuchukue mfano wa Morris Minor ya mwaka 1956, ambayo kiwanda kiliandika kuwa ina nguvu za farasi 37. Hapa Songea farasi hao hupungua wakawa 32 au 33. Ukipanda kwenda Njombe, mji ulio karibu mita 2,000 juu, watabaki 29 au 30. Ukishuka Mbamba Bay, ambako Ziwa Nyasa liko kiasi cha mita 470 tu juu ya bahari, utawapata tena 35. Hao farasi waliopotea hawakuibwa na fundi, wala injini haikuzeeka kwa safari moja. Ni hewa tu.

Liko jambo la pili. Hewa inapokuwa nyepesi, kabureta haipunguzi petroli kwa kadiri ile ile. Kwa hiyo mchanganyiko huwa mzito, yaani petroli huzidi hewa. Dalili zake ni moshi mweusi, plagi zenye masizi meusi makavu, na petroli kuisha upesi. Mtu aliyenunua motokaa pwani akaileta Songea aweza kurudisha nguvu kidogo, na kuokoa fedha nyingi za petroli, kwa kubadilisha jeti kubwa ya kabureta akaweka ndogo kidogo, au kwa Morris, kwa kurekebisha kabureta yake kwa nati iliyo chini. Lakini asisahau kwamba akishuka ziwani au pwani, hewa itakuwa nzito tena, na mchanganyiko utakuwa mwepesi kupita kiasi. Mchanganyiko mwepesi huunguza valvu na kutoboa pistoni. Aendaye huko mara kwa mara, heri awe na mchanganyiko mzito kidogo kuliko mwepesi.

KWANZA IREJESHE ILIYOPOTEA

Katika motokaa ya miaka sitini, nguvu iliyopotea kwa uchakavu aghalabu ni kubwa kuliko nguvu yote iwezayo kuongezwa kwa ufundi mpya. Wahenga walisema, usipoziba ufa utajenga ukuta. Kwa hiyo, kabla ya kununua kitu cho chote, twashauri mambo haya yafanywe kwa utaratibu.

Jambo la kwanza, mtu mmoja akanyage pedeli ya mafuta mpaka chini, na mwingine atazame kabureta kama inafunguka yote. Kebo iliyolegea yaweza kuiacha imefunguka nusu tu, na mwenye motokaa akahangaika miaka mingi akilaumu injini. Kazi hii haina gharama.

Jambo la pili, inua kila gurudumu kwa jeki na ulizungushe kwa mkono. Breki inayoshika wakati haikukanyagwa hula nguvu mchana kutwa. Pima na upepo wa matairi.

Jambo la tatu ni moto wa plagi. Pointi za distribyuta zisafishwe na kuachwa nafasi ya milimeta 0.4, na plagi nafasi ya milimeta 0.6 hivi; vipimo hivi vyafaa kwa Morris na kwa Volkswagen pia. Kisha cheche itegwe kwa wakati wake kama kitabu cha motokaa kinavyosema. Cheche ikichelewa, mwako huifuata pistoni iliyokwisha kushuka, na nguvu yake huishia katika bomba la moshi. Ikiwahi mno, mwako hupambana na pistoni inayopanda, nayo injini hugonga.

Jambo la nne, valvu zipimwe nafasi zake injini ikiwa baridi. Valvu isiyo na nafasi haifungi sawasawa. Nguvu huvuja, na valvu yenyewe huungua.

Jambo la tano ni kupima mgandamizo wa kila silinda kwa geji. Plagi zote zitolewe, pedeli ikanyagwe mpaka chini, na injini izungushwe kwa stata. Kama silinda zote zalingana, ni vema. Kama moja iko chini kuliko nyingine kwa zaidi ya sehemu moja katika kumi, injini ina ugonjwa. Kwa Morris, tia kijiko cha oili katika silinda hiyo na upime tena: kipimo kikipanda, ringi za pistoni zimekwisha, kisipopanda, ugonjwa uko katika valvu au gasketi. Kwa Volkswagen, ambayo silinda zake zimelala, jaribio hilo la oili si la kutegemewa, maana oili hukaa upande mmoja tu.

Hapa twataka kuonya juu ya kosa moja lililoenea. Vijana wengine huitoa filta ya hewa, kwa kuwa injini ikiwa wazi huvuma kwa sauti kubwa, nao hudhani sauti ni nguvu. Kiangazi vumbi la barabara za vijijini hufunika hata majani ya miti. Vumbi hilo lina chembe ngumu kama za mchanga, na likiingia katika silinda hufanya kazi ya tupa. Injini iliyokuwa na maisha ya miaka kumi yaweza kuisha katika misimu michache. Filta isafishwe, wala isitolewe.

MAFUNDISHO YA VIWANDA VYENYEWE

Mtu atakaye kujua namna ya kuongeza nguvu asitafute mwalimu mbali. Viwanda vyenyewe vilifanya kazi hiyo na kuacha mifano yao.

Morris Minor ya kwanza, ya mwaka 1948, ilikuwa na injini ya sentimeta za ujazo 918, yenye nguvu za farasi 27 na nusu. Valvu zake zilikaa ubavuni mwa silinda, na hewa ililazimika kupinda kona kali kabla ya kuingia. Mwaka 1952 ilianza kutiwa injini ya Austin ya sentimeta 803 tu. Hii ilikuwa ndogo zaidi, lakini ilitoa nguvu za farasi 30. Sababu yake ni kwamba valvu zilihamishwa juu, katika kichwa cha injini, na umbo la njia za hewa na la chumba cha mwako lilichorwa kwa shauri la Harry Weslake, mtaalamu wa Kiingereza aliyejulikana sana kwa kazi hiyo. Injini ndogo iliyopumua vizuri iliishinda kubwa iliyozibwa pumzi.

Mwaka 1956 silinda za injini hiyo zilipanuliwa kutoka upana wa milimeta 58 hadi kufika karibu 63, ujazo ukawa sentimeta 948, mgandamizo ukaongezwa, na nguvu zikafika farasi 37. Mwaka 1962 ujazo ulifika sentimeta 1,098 na nguvu farasi 48. Ujazo uliongezeka sehemu 16 katika mia, lakini nguvu ziliongezeka sehemu 30 katika mia, kwa kuwa kiwanda hakikuongeza ukubwa peke yake: kiliboresha na pumzi.

Injini ya ukoo huo huo ilitiwa katika Mini ya mwaka 1959, iliyobuniwa na Alec Issigonis, yule yule aliyeibuni Morris Minor. Mini ile ilikuwa na nguvu za farasi 34. Miaka miwili baadaye, John Cooper, mtengenezaji wa magari ya mashindano, alishirikiana na kiwanda wakatoa Mini Cooper ya farasi 55. Waliongeza ujazo hadi sentimeta 997, wakaweka kabureta mbili mahali pa moja, wakaongeza mgandamizo hadi 9 kwa 1, wakabadili kemshafti ili valvu zifunguke muda mrefu zaidi. Lakini tazameni jambo lingine walilolifanya: waliweka breki za diski katika magurudumu ya mbele. Na Morris Minor ya mwaka 1962, ilipopewa injini ya sentimeta 1,098, breki zake za mbele ziliongezwa kutoka inchi 7 hadi inchi 8. Wenye kiwanda walijua kwamba nguvu bila breki ni hatari.

Volkswagen nayo ilipanda ngazi polepole: farasi 25 katika injini ya sentimeta 1,131; farasi 30 katika ile ya 1,192 ya mwaka 1954; kisha 34, kisha 40, kisha 44, mpaka farasi 50 katika injini ya sentimeta 1,584. Lakini mafundi wa Kijerumani waliifanya kabureta yake kuwa ndogo kwa makusudi, ili injini isiweze kuzunguka mbio kupita nguvu za vyuma vyake. Ndiyo sababu iliweza kukanyagwa mpaka chini siku nzima isidhurike. Mwenye kuifungulia pumzi yapasa ajue kwamba anaondoa ulinzi uliowekwa na wenye akili.

NJIA ZIFAAZO HAPA KWETU

Baada ya injini kuwa nzima, zipo njia tatu ambazo fundi mwangalifu wa Songea aweza kuzifanya.

Njia ya kwanza ni kusafisha njia za hewa katika kichwa cha injini. Chuma kilichotoka kiwandani mara nyingi kina vinundu, na gasketi ya manifoldi hailingani na tundu. Fundi huviondoa vinundu hivyo na kuzilinganisha tundu, bila kuzipanua ovyo. Afanyapo hivyo, asage na valvu zikae sawasawa katika viti vyake. Bomba la moshi lisilo na kutu wala mabonde ndani ni sehemu ya kazi hii, maana injini isiyoweza kutoa moshi haiwezi kuvuta hewa mpya.

Njia ya pili ni kuongeza mgandamizo kwa kuchonga uso wa kichwa cha injini. Wengi huipenda kwa kuwa ni rahisi kwa mwenye mashine. Lakini faida yake si kubwa kama wanavyodhani: kutoka mgandamizo wa 7 hadi 8 huongeza kiasi cha sehemu nne au tano tu katika mia. Na hapa milima hutudanganya. Kwa kuwa hewa ya Njombe na Songea ni nyepesi, injini iliyochongwa sana haigongi huku juu, na mwenye nayo hufurahi. Siku atakayoshuka Mbamba Bay, kwenye hewa nzito na joto la ziwa, injini itaanza kugonga kama nyundo juu ya fuawe, na akiendelea kuikanyaga pistoni zitapasuka. Basi atakayechonga, achonge kidogo, kwa kufikiri mahali pa chini kabisa atakapofika, si mahali anapokaa.

Njia ya tatu ni kuweka injini kubwa zaidi ya ukoo ule ule, kama ile ya sentimeta 1,098 katika Morris iliyokuwa na 948, au ya farasi 40 au 50 katika Volkswagen ya farasi 30. Hii mara nyingi ni njia salama kuliko kuitesa injini ndogo, kwa sababu kila kipande kilipimwa kiwandani kifanye kazi pamoja na kingine. Lakini klachi na giaboksi zikaguliwe kama zitastahimili. Tena namba ya injini imeandikwa katika kadi ya gari. Kwa hiyo mwenye kubadili injini yampasa kuipeleka habari kwa Mamlaka ya Mapato, na kuieleza kampuni yake ya bima, asije akakuta siku ya ajali kwamba hati zake hazilingani na motokaa yake.

Na ye yote atakayetaka kazi ya kuchonga au kukereza, aulize kwanza fundi ana vyombo gani vya kupimia. Fundi apimaye kwa jicho na kidole aweza kuwa hodari kwa baiskeli, lakini milimeta moja katika kichwa cha injini ni jambo kubwa.

PETROLI YA SIKU HIZI

Motokaa hizi zilibuniwa zamani za petroli iliyotiwa madini ya risasi. Risasi hiyo ilitiwa tangu miaka ya 1920 ili kuzuia injini kugonga, nayo ilikuwa na faida ya pili: iliacha utando mwembamba juu ya viti vya valvu za moshi, ukavilinda. Lakini risasi ni sumu, hasa kwa akili za watoto. Nchi za Afrika kusini ya Sahara ziliacha kuiuza mwanzo wa mwaka 2006, na nchi ya mwisho duniani, Algeria, iliacha mwaka 2021. Hakuna sababu ya kuililia.

Hata hivyo mwenye Morris ajue matokeo yake. Kichwa cha injini yake ni cha chuma cha kalibu, na viti vya valvu vimekatwa katika chuma hicho hicho. Injini ikiendeshwa mbio au chini ya mzigo mkubwa, valvu ya moshi hukila kiti chake kidogo kidogo, nafasi ya valvu hupungua, na mgandamizo hupotea. Aongezaye nguvu huharakisha uharibifu huo. Dawa yake ni kutia viti vipya vya chuma kigumu wakati kichwa cha injini kimefunguliwa. Ndiyo matumizi bora ya fedha kwa Morris. Kichwa cha Volkswagen ni cha aluminiamu, na viti vyake vilikuwa vya chuma kigumu tangu mwanzo, kwa hiyo hakina taabu hiyo.

Yapasa kujihadhari pia na petroli iliyochanganywa na mafuta ya taa. Mafuta ya taa huifanya injini igonge na huichafua oili. Serikali ilianza kutia alama katika mafuta mwaka 2010, kwa njia ya EWURA, ili wachanganyaji wakamatwe. Lakini petroli iuzwayo katika chupa kando ya barabara haina mlinzi. Injini iliyoongezwa mgandamizo haina msamaha kwa petroli mbaya.

JOTO

Nguvu na joto ni ndugu. Kila farasi aongezwaye huja na joto lake, nalo lazima litolewe. Kwa Morris, rejeta izibuliwe na mkanda wa feni ukazwe kabla ya kazi nyingine yo yote. Kwa Volkswagen, ambayo hupozwa kwa hewa, mabati yote yanayoizunguka injini yawepo mahali pake, na mpira unaoziba nafasi kati ya injini na bodi usikosekane. Pasipo huo, feni huvuta hewa ile ile ya moto iliyokwisha kutumika. Katika injini za kabla ya miaka ya 1970, chombo cha kupozea oili kilisimama katika njia ya hewa iendayo silinda ya tatu, na mara nyingi silinda hiyo ndiyo iliyoungua kwanza. Injini nzima ina lita mbili na nusu tu za oili. Mwenye kuibadili oili hiyo kwa wakati amefanya zaidi kuliko mwenye kununua kabureta mbili.

BREKI NA MZIGO

Sasa twafika katika jambo lililo zito kuliko yote. Nchi yetu haina milima ya kupanda tu. Aliyepanda milima ya Lukumburu kwa nguvu, atashuka.

Tuseme motokaa pamoja na watu na mizigo ina uzito wa kilo 1,000, nayo inashuka mteremko ambao kima chake toka juu hadi chini ni mita 300. Kama dereva ataizuia kwa breki peke yake, joto litakaloingia katika breki zile latosha kuchemsha zaidi ya lita 8 za maji baridi. Joto hilo lote huingia katika vyuma vidogo vinne. Ngoma za breki hutanuka, vitambaa vyake hupoteza ushikaji, na mafuta ya breki ya zamani, ambayo yamenyonya unyevu, huchemka. Hapo mguu hushuka mpaka sakafuni, na motokaa haisimami.

Kwa hiyo twasema wazi: mtu asiongeze hata farasi mmoja kabla ya kubadilisha mafuta ya breki, kukagua mipira na vitambaa vyake, na kutazama matairi. Na ashukapo, atumie gia ile ile ambayo angeitumia kupandia mlima huo. Injini iliyo na mgandamizo mzuri ni breki isiyochoka.

Tena, yapo maongezi ya nguvu yasiyotaka fundi. Katika mlima, sehemu kubwa ya nguvu hutumika kuuinua uzito. Motokaa ile ya kilo 1,000 ikiondolewa gunia moja la mahindi la kilo 100, itapanda kama kwamba imeongezwa sehemu moja katika kumi ya nguvu zake, yaani karibu zote zile zilizochukuliwa na hewa ya Songea. Kazi hiyo hufanywa kwa dakika tano, bila senti moja, na breki zitashukuru.

USHUHUDA WA SAFARI

Kama yuko anayeona kwamba motokaa ndogo haina heshima bila nguvu nyingi, na akumbuke mashindano ya Safari ya Afrika Mashariki, yaliyoanza mwaka 1953 kwa kusherehekea kutawazwa kwa Malkia Elizabeth wa Pili, yakapita katika nchi za Kenya, Uganda na Tanganyika. Katika orodha za washindi, wa kwanza mwaka ule huandikwa Alan Dix na Johnny Larsen, katika Volkswagen. Mwaka 1954 walishinda Vic Preston na D. P. Marwaha, katika Volkswagen pia. Mwaka 1957 na mwaka 1962 Volkswagen ilishinda tena. Injini hizo hazikuzidi sentimeta 1,200, na katika miaka ile ya mwanzo magari ya mashindano yalikuwa karibu sawa na yale yaliyouzwa madukani. Yalishinda katika tope na vumbi mbele ya magari yenye nguvu zaidi, kwa kuwa mengine yalivunjika njiani, nayo yalifika.

Basi, kwa kukusanya maneno yetu, utaratibu ni huu: kwanza breki na matairi, pili kurejesha nguvu iliyopotea kwa uchakavu, tatu kurekebisha kabureta na cheche kwa hewa ya mahali, nne kuiwezesha injini kutoa joto lake, tano kuisafisha njia ya hewa, na mwisho, kwa mwenye fedha na fundi wa kweli, mgandamizo au injini kubwa zaidi. Aliyefuata utaratibu huu aweza kusimama katika hatua yo yote, naye atakuwa na motokaa iliyo bora kuliko jana. Wengi wataona kwamba wakimaliza hatua ya tatu hawahitaji tena ya sita.